Kuchagua bolti na nanga zisizoshika kutu kwa miamba ya Iringa na Mbeya: mwongozo kamili

Kila bolti inayopigwa kwenye mwamba itategemewa na watu ambao aliyeipiga hatawajua kamwe. Mpandaji anafika, anaona hanga (kile kibati chenye tundu kinachofungwa kwenye bolti) linang'aa, anapachika karabina, yaani pete ya chuma inayofunguka, na kuuachia uzito wake wote. Hana namna ya kuiona sehemu iliyozama ndani ya jiwe, na huko ndani ndiko kutu hufanya kazi yake. Usalama wake uliamuliwa siku uliyokuwa dukani unachagua chuma, kabla drili haijawashwa.

Mwongozo huu ni wa wanaotaka kufungua njia za kupanda zenye bolti za kudumu katika Nyanda za Juu Kusini: kwenye graniti za Iringa, miamba ya volkano ya Rungwe, mawe ya chokaa ya Songwe na majabali yanayolitazama Ziwa Nyasa upande wa Matema. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa sehemu kubwa ya ukanda huu, tumia stenlesi ya daraja la 316 kwa kila kipande, kuanzia bolti ya kwanza hadi pete ya juu kabisa. Chuma cha kupakwa zinki kisikae nje hata kama mfuko umekauka. Pesa ikiwa ndogo, fungua njia chache.

Hatua ya kwanza: yajue maji na jiwe

Kutu inataka maji na hewa, na chumvi huichochea. Kwa hiyo swali la kwanza ni maji yanapita wapi, na yamebeba nini.

Huku kwetu mvua huanza takriban Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Nenda kwenye mwamba wako Februari au Machi, uutazame mvua ikinyesha, kisha urudi siku mbili baada ya mvua kukatika. Ukuta unaouona mkavu na safi mwezi Septemba unaweza kuwa na nyufa zinazovuja miezi mitano mfululizo. Kwenye graniti maji huacha alama: michirizi myeusi ya ukoga kutoka juu hadi chini. Bolti iliyopigwa katikati ya mchirizi huo italowana msimu mzima, na maji yatatulia nyuma ya hanga ambako jua halifiki. Mara nyingi kuisogeza njia nusu mita kushoto au kulia kunatosha kuliondoa tatizo bila gharama yoyote. Hii ndiyo kinga ya kutu iliyo rahisi kuliko zote, na wengi wanaikosa kwa sababu huchora njia zao kiangazi.

Angalia pia wanyama. Pimbi huishi kwenye majabali ya Iringa na hukojoa mahali pale pale mwaka hadi mwaka, mpaka jiwe linapata utando mweupe na wa kahawia. Mkojo huo una chumvi. Chini ya mapango yenye popo hali ni hiyo hiyo. Usipige bolti kwenye michirizi hiyo. Ukikuta nyuki kwenye ufa, tafuta ukuta mwingine kabisa. Nyuki wa huku wakimvamia mtu aliyening'inia kwenye kamba hana pa kukimbilia.

Halafu zungumza na majirani wa mwamba. Tazama misumari ya mabati ya nyumba za zamani, waya za uzio, bawaba za mageti. Waulize wenyeji paa lile liliezekwa lini. Msumari wa zinki uliokaa miaka kumi na tano Iringa mjini na bado una rangi ya kijivu unakueleza kuwa hewa ni kavu na haina chumvi. Msumari wa namna hiyo hiyo ulioliwa na kuacha doa jekundu kwenye bati huko Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, unakueleza habari nyingine. Sijui kipimo kingine cha bure kinachofundisha kiasi hicho.

Kwa kuyapanga maeneo yetu kutokana na hayo, naona makundi manne.

Iringa na viunga vyake: graniti ngumu, mwinuko wa mita 1,500 hivi, bahari iko mbali takriban kilomita 500 kwa barabara. Chumvi ya bahari haifiki. Adui mkubwa ni michirizi ya msimu na watu kuchanganya vyuma, jambo nitakalolieleza mbele.

Rungwe na Tukuyu: unyevu karibu mwaka mzima, ukungu, na miamba ya volkano isiyofanana. Basalti iliyoshikana ni ngumu, lakini mita chache pembeni unaweza kukuta jivu la volkano lililoganda, laini hadi unalikwangua kwa ufunguo.

Matema na Milima ya Livingstone: wengi huogopa mawimbi ya ziwa kana kwamba ni bahari. Ziwa Nyasa ni la maji baridi, kwa hiyo mvuke wake hauleti chumvi inayoua vyuma vya pwani. Unyevu upo na joto lipo, lakini 316 inaweza kazi hiyo. Ziwa Rukwa ni tofauti kabisa: maji yake yana chumvi na magadi, na ukuta wowote unaopata vumbi la kingo zake uuchukulie kama wa pwani.

Songwe: mawe ya chokaa yaliyojengwa na chemchemi za maji moto. Hapa ndipo ninapowaomba watu wasifanye haraka. Joto, unyevu na madini yaliyoyeyuka yakikutana kwenye jiwe lenye vitundu ndiyo mazingira ambayo stenlesi ya kawaida inaweza kusaliti.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni jiwe lenyewe. Graniti yetu humenyeka kwa maganda, tabaka juu ya tabaka, na jua la mchana na baridi ya usiku huchangia. Ligonge kwa nyundo kila mahali unapokusudia kuweka bolti. Mlio mkali na mfupi ni mzuri. Mlio mzito kama wa debe tupu maana yake kuna ganda, na hapo hata bolti bora duniani itaanguka pamoja na kipande chake cha jiwe.

Hatua ya pili: omba ruhusa

Kuna majabali ambayo hayaguswi. Nguzo za Isimila ni eneo la kale lenye zana za mawe za mababu wa binadamu. Igeleke kuna michoro ya kale. Gangilonga limefungamana na historia ya Mkwawa na Wahehe. Maeneo ya kale yanalindwa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na drili haina nafasi hapo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa au Kitulo unahitaji kibali cha TANAPA, na kwenye misitu ya hifadhi ni Wakala wa Huduma za Misitu. Sehemu nyingine nyingi ziko kwenye ardhi ya kijiji, kwa hiyo uanze na mwenyekiti na halmashauri ya kijiji. Waulize wazee kama mwamba ule una matambiko. Wakisema ndiyo, shukuru na uondoke.

Hatua ya tatu: chagua metali

Stenlesi hujilinda kwa utando mwembamba mno wa oksidi ya kromiamu. Utando huo ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe, mradi hewa inafika. Kinachouvunja ni kloraidi, yaani chumvi, hasa mahali finyu pasipo na hewa: nyuma ya hanga, chini ya washa, ndani ya tundu. Hapo kutu huchimba vishimo vidogo vinavyozama ndani wakati sehemu ya nje bado inang'aa.

Chuma cha kupakwa zinki kwa umeme, kile kinachouzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, kina zinki ya mikroni chache tu, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Nati ikikazwa mara moja, zinki imeshakwanguka. Ni cha ndani ya ukumbi. Kilichochovywa kwenye zinki ya moto kina tabaka nene zaidi na kinafaa geti na mnara, lakini kwenye tundu lenye maji tabaka hilo nalo litaisha, na aliye juu ya kamba hatajua limeisha lini.

Stenlesi ya 304, ambayo kwenye bolti huandikwa A2, ina kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8 hivi. Kwa graniti kavu ya Iringa inafaa, na nchi nyingi zimeitumia kwa muda mrefu kwenye maeneo ya bara yaliyo mbali na bahari. Sitamlaumu mtu aliyeichagua kwenye ukuta usiovuja. Lakini gharama kubwa ya njia ni nauli, betri, biti zinazolika kwenye graniti, na siku nzima za kuning'inia. Kuokoa fedha kidogo kwenye chuma baada ya kutumia zote hizo si hesabu nzuri.

Stenlesi ya 316, alama yake A4, inaongezewa molibdenamu ya asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayoifanya ivumilie kloraidi kuliko 304. Hii ndiyo chaguo langu kwa Iringa, Njombe, Mbeya, Rungwe na Matema. Herufi L kwenye 316L inaonyesha kaboni kidogo, jambo linalosaidia pale chuma kinapochomelewa, kwa hiyo itafute kwenye pete na bolti za gundi zenye uchomeleaji.

Kisha kuna hatari ambayo kila anayefungua njia lazima aielewe: stenlesi kupasuka kwa kutu ikisaidiwa na mkazo. Bolti inakuwa na nyufa nyembamba zisizoonekana kirahisi, na siku moja inakatika kwa uzito mdogo sana. Jambo hili liliwapata wapandaji kwenye miamba ya chokaa ya pwani za joto, Thailand na Cayman Brac zikiwa mifano inayojulikana, ambako bolti za stenlesi ziliharibika baada ya miaka michache tu. Ndiyo sababu Thailand walihamia bolti za titaniamu zinazoshikwa kwa gundi. Shirikisho la kimataifa la wapanda milima, UIAA, katika kiwango chake namba 123, limeweka vifaa katika madaraja ya kuhimili kutu kwa kuzingatia hatari hiyo hiyo.

Kwa hiyo Songwe karibu na chemchemi za maji moto, na kuta za Rukwa, tumia titaniamu au stenlesi maalumu zenye nikeli na molibdenamu nyingi, mfano ile yenye namba 1.4529. Ni ghali. Kama huwezi kuimudu, ukuta huo usubiri. Ushauri huu unahusu pia miamba ya pwani yetu, Tanga na Unguja, na kuna neno la ziada: mtu akikuletea bolti za stenlesi zilizong'olewa pwani akidai bado nzima, zikatae. Nyufa zake huzioni kwa macho.

Hatua ya nne: bolti ya kupanuka au ya gundi

Kwenye graniti ngumu, bolti ya kupanuka, ile inayojibana ndani ya tundu nati ikikazwa, inatosha. Kipenyo kisipungue milimita 10. Milimita 12 ni bora, hasa kwenye nanga ya juu, yaani mwisho wa njia ambapo kamba hupitishwa ili mtu ashushwe. Urefu wa milimita 80 au 90 unafaa jiwe zima. Hanga na bolti viwe na alama ya EN 959, ambacho ni kiwango cha Ulaya, au UIAA. Kiwango hicho kinataka uwezo wa kilonyutoni 25 kwa mvuto wa kwenda chini sambamba na ukuta, sawa na uzito wa tani mbili na nusu hivi.

Kwenye jivu la volkano, chokaa yenye vitundu, au ukuta wowote unaolowana mara kwa mara, tumia bolti ya gundi. Gundi hujaza tundu na kuyazuia maji yasiingie, haibani jiwe laini kwa mkazo, na kwa kuwa pete na shina ni kipande kimoja, hakuna mahali finyu nyuma ya hanga. Kwenye jiwe laini chukua ndefu zaidi na upige tundu refu zaidi.

Gundi ina masharti yake. Tumia epoksi au vinilesta ya kufungia nondo na bolti kwenye zege, yenye tarehe ya mwisho inayosomeka. Zile mirija mbili ndogo za gundi ya dukani si za kazi hii. Mzigo uliosafiri kwenye buti la basi kupitia joto la Morogoro, kisha ukakaa stoo yenye bati bila dari, unaweza kuwa umeharibika kabla ya tarehe iliyoandikwa. Juni na Julai, usiku wa Njombe na Mbeya ni wa baridi kali, na baridi huchelewesha gundi kukauka kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Soma jedwali la mtengenezaji, pima joto la jiwe lenyewe, kisha uongeze muda. Na moto wa nyika wa kila kiangazi usiusahau: bolti za chini zilizo jirani na nyasi ndefu ziwe za kupanuka kama jiwe linaruhusu, kwa maana joto kali hulegeza gundi.

Hatua ya tano: metali moja kwa njia nzima

Hapa ndipo njia nyingi nzuri huharibika. Mtu ananunua bolti ya stenlesi, halafu anavalisha hanga la zinki kwa sababu lilikuwepo, au anafunga mnyororo wa geti kwenye nanga ya juu. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji, moja humla mwenzake. Zinki ya hanga itakwisha kwanza, kisha chuma chake kitaoza kwa kasi kuliko kama kingekuwa peke yake. Bolti itabaki inang'aa, na kilichobeba mwili wa mtu kitakuwa kimekwisha.

Kwa hiyo bolti, hanga, nati, washa, mnyororo, pingu na pete, vyote viwe 316. Kagua washa na nati kwa makini, maana ndizo hupotea kwenye mfuko na kubadilishwa na yoyote iliyopatikana.

Nanga ya juu iwe na bolti mbili, umbali wa sentimita 20 hivi kati yake. Hapa kuna adui wa pili mbali na kutu: msuguano. Kamba zetu hubeba mchanga wa graniti na vumbi jekundu, na kila mtu anayeshushwa anazikata pete kidogo kidogo. Weka pete nene, na ziwe za kubadilishika bila kuigusa bolti. Karabina za alumini usiziache kama vifaa vya kudumu. Hulika haraka na kingo zake hugeuka makali kiasi cha kuikata kamba.

Hatua ya sita: hesabu, nunua, hakiki

Njia ya mita 25 huchukua bolti 9 au 10 pamoja na 2 za nanga. Nunua ziada mbili au tatu, kwa sababu tundu moja litaharibika na hutaki kuziba pengo kwa bolti ya duka la jirani.

Bolti zisizo na jina la mtengenezaji, daraja la chuma na kipenyo usizinunue, hata muuzaji akiapa. Sumaku inasaidia kwa kiasi: chuma cha zinki hunaswa kwa nguvu, 304 na 316 karibu hazinaswi, ingawa shina lililofinyangwa kwa baridi linaweza kuvutwa kidogo. Lakini sumaku haitakutenganishia 304 na 316. Kwa hilo kuna dawa ya matone ya kupimia molibdenamu. Chupa moja inapima mzigo mkubwa, na watu wanaoagiza pamoja kutoka nje wanaweza kuchangia. Pima angalau kipande kimoja kwa kila aina, nati na washa zikiwemo.

Hatua ya saba: usipandikize kutu wakati wa kufunga

Toboa kwa pembe ya nyuzi 90 na uso wa jiwe, mbali na ukingo au ufa kwa sentimita 15 au zaidi. Kwa bolti ya kupanuka, tundu lipite urefu wa bolti nzima kama jiwe ni nene, ili siku ya kuibadilisha uweze kuizamisha ndani na kuziba juu yake. Puliza vumbi, sugua kwa brashi, puliza tena, na urudie mpaka lisitoke kitu. Kwa gundi usafi huu ndio kila kitu: vumbi likibaki, gundi inashika vumbi badala ya jiwe. Mchanganyiko wa kwanza unaotoka kwenye bomba utupe mpaka rangi iwe moja.

Kaza nati kwa spana ya kupimia mkazo. Kwa bolti nyingi za milimita 10 maelekezo huwa kati ya nyutonimita 20 na 35. Fuata karatasi ya bolti yako. Kukaza kupita kiasi huongeza mkazo ndani ya chuma, na mkazo ni nusu ya ule ugonjwa wa kupasuka. Brashi ya waya wa chuma cha kawaida usiipitishe kwenye stenlesi, wala stenlesi usiitundike karibu na mtu anayekata nondo kwa grainda; chembe za chuma hushika juu yake na kuanzisha madoa ya kutu. Ukitaka hanga lifanane na mwamba, lipake rangi nyumbani, likauke, ndipo ulifunge.

Hatua ya nane: andika, kagua, badilisha

Weka daftari la kila njia: tarehe, metali, mtengenezaji, kipenyo, urefu, aina ya gundi na namba ya toleo lake. Acha nakala kwa klabu au kwa mwenzako, maana wewe unaweza kuhama.

Kagua kila mwaka mvua zikiisha, mwezi Mei au Juni. Tafuta doa la kahawia chini ya hanga, hanga linalozunguka, gundi yenye ufa pembeni, jiwe lililoinuka kandokando ya bolti, pete zilizolika. Pete iliyolika robo ya unene wake mimi naitoa, sisubiri nusu. Doa dogo juu ya uso wa stenlesi linaweza kuwa uchafu tu, kwa hiyo lisugue kwa brashi ya nailoni. Likirudi msimu unaofuata, fungua nati utazame nyuma ya hanga. Bolti unayoitilia shaka na huwezi kuitoa siku hiyo, ondoa hanga lake ili mtu asiitegemee.

Bolti na mahanga yaliyotolewa yakatwe vipande viwili kwa msumeno kabla ya kuwapa wanunuzi wa chuma chakavu, yasije yakasafishwa na kurudi dukani.